Nimeacha kazi ya benki baada ya miaka 11 ili nichore: hesabu za mtu anayeishi kwa mali kauli

#1. Mwanzisha uzi

Ndugu wanajamvi, salaam.

Kila baada ya wiki chache hufunguliwa humu uzi wa kijana anayeuliza kama aache kazi ya ofisini ili aishi kwa sanaa, na majibu huwa yale yale: nusu ya wachangiaji humwambia asikizike kipaji chake, na nusu nyingine humwambia asichezee ugali wake. Sijaona anayemwekea hesabu mezani. Mimi nilikuwa ofisa wa mikopo katika benki moja hapa Dar es Salaam kwa miaka 11, nikaacha mwaka 2019, na tangu hapo sina kipato kingine isipokuwa picha ninazochora. Nimeona niandike mambo yalivyokwenda, kwa tarakimu pale ninapokuwa na kumbukumbu zake, kwa sababu daftari la mapato na matumizi sikuliacha. Hiyo ni tabia ya kazi ya zamani ambayo haijanitoka.

Barua ya kuacha kazi niliiandika Februari 2019. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mtu anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28, na hilo nililijua. Nisilolijua, na ninaona haya kulisema mimi niliyekuwa nikisoma mikataba ya watu kutwa nzima, ni kwamba kiinua mgongo kinachotajwa katika sheria hiyo, yaani mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia hadi kikomo cha miaka 10, hulipwa pale mwajiri anapokuwa ndiye aliyekatisha ajira. Anayeondoka kwa miguu yake mwenyewe hakipati, labda mkataba wake uwe umemwahidi. Fedha hiyo nilikuwa nimekwisha kuipangia kazi: ilikuwa kodi ya banda la kuchorea kwa miezi 6.

Pigo la pili lilikuwa mkopo. Mfanyakazi wa benki hukopa kwa riba nafuu kuliko mteja wa dirishani, lakini unafuu huo umefungwa kwenye ajira, na siku ajira inapokoma salio huanza kutozwa riba ambayo mteja yeyote angetozwa. Rejesho langu lilipanda kutoka shilingi 310,000 hadi 385,000 kwa mwezi, na lilipanda katika mwezi ule ule niliobaki bila mshahara. Laiti ningekuwa na akili ya leo, ningemaliza deni kwanza, hata kama ingenibidi nivae tai miaka 2 zaidi. Aliyesomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi naye akumbuke kwamba asilimia 15 anayokatwa na mwajiri ikikoma kukatwa, deni halikomi. Itambidi apeleke marejesho kwa mkono wake.

Kuhusu mafao, pensheni ya uzeeni ya NSSF inahitaji michango ya miezi 180, nami nilikuwa na miezi 132. Fao la kukosa ajira halikuwekwa kwa ajili ya aliyejiuzulu. Nimeendelea kuchangia kama mtu aliyejiajiri ili nizibe ile miezi 48, lakini ipo miezi niliyoiruka na mpaka leo sijamaliza.

Nilipompigia mama simu kumpa habari, alinyamaza kwa muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikika na jirani: "Mwanangu, niambie kweli, wamekukuta na nini?" Hili halitajwi katika nyuzi hizi, nami sikulitarajia. Mtu akiacha benki ghafla, kijijini hakuna anayeamini kwamba ameacha. Wanaamini ameiba na amefichiwa aibu. Ilinilazimu nimtumie kaka yangu nakala ya cheti cha utumishi ili amsomee mama mbele ya shangazi wawili. Hata hivyo, mmoja wao alisema kwamba karatasi huandikwa na watu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nifungue uzi huu. Wengi hudhani kwamba anayeacha mshahara akaingia kwenye sanaa anabadilisha fedha nyingi kwa fedha kidogo. Hilo lipo, lakini halikunitesa kama nilivyoogopa, maana matumizi hupungua mtu anapokosa pa kuvalia mashati. Kilichonitesa ni tarehe. Mshahara una tarehe, na maisha yote ya mwajiriwa, kuanzia ada za watoto mpaka mchango wa harusi, yamejengwa juu ya tarehe hiyo. Picha haina tarehe. Maduka ya sanaa na hoteli, ambako ndiko wanakopita wanunuzi wenye uwezo, hayamlipi mchoraji anapofikisha picha. Huipokea kwa mali kauli. Unaiacha, wanaandika jina lake na bei kwenye karatasi, na unalipwa ikiuzwa, baada ya wao kukata sehemu yao.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaujua utaratibu huu tangu wakiwa wadogo, kwa kuwa nguo na vyombo vingi huenda mikoani kwa mali kauli. Lakini vitenge vya kesho vinafanana na vya leo, na aliyevichukua akishindwa kuviuza kwa bei ile huvishusha bei kidogo vikatoka. Picha inaweza kukaa ukutani miaka 3 ikimsubiri mtu mmoja tu anayeitaka, na ukiishusha bei, yule aliyenunua nyingine yako kwa bei kubwa mwaka jana ataona amedhulumiwa.

Picha yangu ya kwanza ninayoweza kuiita ya kazi, si ya kujifurahisha, ilikuwa ya abiria wakishuka kwenye pantoni Kivukoni jioni, sentimita 90 kwa 120. Niliipeleka katika duka moja mwezi Juni 2019. Mwezi Novemba nilipita kwa shughuli zangu nyingine nikaona mahali pake pametundikwa picha ya twiga. Nikamwuliza kijana wa dukani kama wameihamisha. Akanijibu, "Ile mbona iliondoka siku nyingi, kaka?" Ilikuwa imeuzwa Agosti. Fedha yangu niliipata Februari mwaka uliofuata, kwa awamu mbili, baada ya simu ambazo sikuzihesabu. Mimi niliyekuwa nikiwapigia wadaiwa wa benki kwa sauti kavu, nilijikuta nikisema kwa unyenyekevu, "Naulizia tu ile hesabu yetu, bosi," na kila nikikata simu nilikumbuka nyuso za watu fulani waliowahi kukaa mbele ya meza yangu.

Hesabu zenyewe ni hizi, kwa bei nilizokuwa nikilipa mwaka huo. Kitambaa cha merikani, mbao za fremu, rangi nyeupe ya kupaka chini na rangi za akriliki kwa picha ya ukubwa ule vilinigharimu shilingi 95,000. Kuichora kulinichukua siku 9. Dukani ilibandikwa bei ya shilingi 650,000, duka likakata asilimia 40, yaani 260,000, nikabaki na 390,000. Ukitoa gharama ya vifaa inabaki 295,000, ambayo ukiigawa kwa siku 9 ni kama shilingi 32,800 kwa siku. Mtu akiishia hapo ataona si haba, na mimi niliishia hapo nilipokuwa nikipanga kuacha kazi. Lakini mwaka wa kwanza, katika kila picha 3 nilizopeleka dukani iliuzwa 1. Vifaa vya picha 3 ni shilingi 285,000 na siku zake ni 27. Ile 390,000 ukiitoa vifaa hivyo inabaki 105,000, na ukiigawa kwa siku 27 haifiki shilingi 3,900 kwa siku. Hapo sijaweka nauli, kodi ya banda, wala vocha za kuulizia hesabu yetu.

Picha 2 ambazo hazijauzwa hazijapotea, mtu atasema, zimekaa kama akiba. Ni kweli, ila ni akiba ambayo hairejeshi mkopo wala hailipi ada. Moja ilinirudia baada ya miezi 14 ikiwa na ukungu kwenye kona ya chini, kwa kuwa ukuta iliotundikwa ulikuwa ukivuja.

Kisha mwaka 2020 ukaja na Uviko-19, ndege za watalii zikasimama, na kwa miezi kadhaa hata hiyo 1 kati ya 3 haikupatikana. Siulalamikii mwaka huo, kila mtu aliuonja. Ninautaja kwa sababu nilikuwa nimejiwekea akiba ya miezi 6, nikiamini ni nyingi. Kwa biashara ambayo picha ya Juni inaweza kulipwa Februari, akiba ya miezi 6 huisha kabla ya malipo ya kwanza kufika. Ushauri wangu kwa anayeuliza ni kwamba asipime kama picha zake zinapendwa. Apime ni siku ngapi hupita tangu amalize picha mpaka fedha iingie mkononi, afanye hivyo kwa mwaka mzima akiwa bado kazini, ndipo aandike barua.

Nakaribisha maswali na mapingamizi.

#2. Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, nakupongeza kwa uwazi, lakini nadhani umeandika kama ofisa wa mikopo, na hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Sanaa haikuwahi kufuata hesabu. Paul Gauguin alikuwa dalali wa hisa Paris, mwenye mke na watoto, akaacha yote, na leo hakuna anayewakumbuka madalali wenzake. Angeweka hesabu zako mezani asingechora kitu. Kijana anayesoma uzi huu atakata tamaa kabla hajajaribu.

#3. Mwanzisha uzi

Ndugu wa Mwanza, nashukuru umemtaja Gauguin, maana hata mimi nilimtumia kujitia moyo kabla sijasoma habari zake vizuri.

Alifanya kazi katika soko la hisa kwa takriban miaka 11, kama mimi, na kwa muda huo alikuwa akichora siku za mapumziko na kununua kazi za wenzake. Mwaka 1882 soko la hisa la Paris lilianguka vibaya, na ilipofika 1883 hakuwa tena na kazi ile. Kwa hiyo picha ya mtu aliyeinuka kwenye kiti cha enzi akakitupa haikai sawa. Kiti chenyewe kilikuwa kimeanza kuvunjika. Mwaka uliofuata alimfuata mkewe Mette kwao Denmark, akajaribu kuuza maturubai Copenhagen bila mafanikio, na mwaka 1885 alirudi Paris akiwa na mtoto mmoja, wanne wakabaki na mama yao, ambaye ndiye aliyewalea. Alifariki mwaka 1903 katika visiwa vya Marquesas akiwa bado anahangaika na fedha. Picha zake zikawa mali kubwa baadaye, mikononi mwa watu wengine. Ukitaka kumtumia kama mfano, mtumie mzima, pamoja na Mette.

Wapo pia walioacha kwa utulivu zaidi. Wassily Kandinsky mwaka 1896, akiwa na miaka 30, alikataa nafasi ya kufundisha sheria katika chuo kikuu cha Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu, akaenda Munich kujifunza kuchora. Lakini baba yake alikuwa mfanyabiashara wa chai. Simpunguzii kipaji; nasema tu kwamba alikuwa na mgongo wa kuegemea, na kijana wa Mwanza au wa Mbagala anayemwiga anapaswa kujua hilo.

Kuhusu kukata tamaa: ofisini nilishuhudia watu wengi waliokopa kwa matumaini. Sijakutana na aliyeumizwa na hesabu aliyoifanya mapema.

#4. Mchangiaji, Arusha

Mimi ni mhasibu katika kampuni ya utalii, ninachora Jumamosi na Jumapili, na mwaka jana niliuza picha 4 kwa watu ninaofahamiana nao. Nimekisoma chapisho chako mara mbili na swali langu ni moja tu. Kama hesabu ni hizo, kwa nini kuacha? Sam Ntiro wa Machame alisomea uchoraji Slade kule London, akafundisha Makerere, na baada ya Uhuru wa 1961 akawa Balozi wetu Uingereza, na bado jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York lina picha yake aliyoichora mwaka 1956. Hakuhitaji kuacha utumishi ili awe mchoraji. Sisi wa leo tumeambiwa na nani kwamba mtu si msanii mpaka afe njaa kwanza?

#5. Mwanzisha uzi

Dada yangu wa Arusha, hilo ndilo swali gumu kuliko yote, nami sitalijibu kwa maneno ya mbwembwe.

Ntiro alikuwa mwalimu wa sanaa, na mwalimu wa sanaa anapokwenda kazini anakwenda katika jambo lake. Ofisa wa mikopo anakwenda kwingine. Kwa miaka 6 ya mwisho nilichora usiku kuanzia saa 3, na nilichogundua ni kwamba picha zangu zote zilikuwa ndogo na zote zilikuwa za vitu vilivyotulia: sufuria, kiti, mlango. Nilidhani huo ndio mtindo wangu. Kumbe zilikuwa picha za mtu ambaye hana nafasi ya kwenda Kivukoni saa 12 jioni, kwa kuwa saa hiyo yuko ofisini akifunga vitabu vya mwisho wa mwezi. Picha ya pantoni niliichora baada ya kwenda pale jioni 11 mfululizo, nikikaa kwenye ukuta wa mwuza samaki mmoja aliyenizoea mpaka akawa ananiwekea ndoo ya kukalia. Nilitaka kuona jinsi abiria wanavyobadilika sura pale geti linapofunguliwa, wanapoacha kuwa wasafiri wakawa watu wanaowahi nyumbani. Jambo hilo huwezi kuliona Jumamosi.

Hiyo ndiyo sababu. Haimhusu kila mtu. Kama picha zako zinaweza kuchorwa Jumamosi, na nasema hivi bila dharau, baki na uhasibu wako na usimsikilize mtu.

#6. Mchangiaji, Zanzibar

Assalaam alaykum. Mimi nauza picha Mji Mkongwe, barazani kwa ndugu yangu, na sijawahi kumwachia mtu picha kwa mali kauli hata siku moja. Umejitia mwenyewe kwenye mashaka kwa kuchora picha kubwa za kungojea matajiri. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza mwaka 1968 alichora kwenye vipande vya silingibodi kwa rangi za kung'aa za mafundi, picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores pale Oyster Bay, fedha mkononi. Alikufa kwa risasi za polisi mwaka 1972, yaani alichora miaka michache tu, na mpaka leo watu wanakula kwa ile njia yake. Picha ndogo inaingia kwenye begi la mgeni, bei inalipika, jioni unarudi na samaki. Ninyi mliotoka maofisini mnaona haya kukaa barazani.

#7. Mwanzisha uzi

Wa alaykum salaam, kaka. Hapo mwisho umenipata, na nakiri. Mwaka wa kwanza niliona haya kweli. Nilikuwa nikiwaza mteja wangu wa zamani akipita anione nimetandika picha chini kama mwuza viatu. Mwaka 2021 niliacha haya hizo, nikaanza kuchora picha za sentimita 30 kwa 30, nikawa nazipeleka mwenyewe kwenye minada ya mwisho wa wiki. Hizo ndizo zinazolipa kodi ya banda mpaka sasa, na nimeziandikia ukurasa wake katika daftari: picha kubwa ukurasa wa kushoto, ndogo ukurasa wa kulia. Kushoto huwa kweupe kwa miezi, kulia kuna maandishi kila wiki.

Lakini sikubaliani nawe kwa yote. Mteja wa barazani anataka twiga, Mlima Kilimanjaro na Wamaasai watatu wembamba, na ukimchorea pantoni anakuuliza kama huna twiga. Ukiendelea miaka 5, mkono unajua twiga kuliko unavyojua kuangalia. Tingatinga mwenyewe hakuwa anaiga mtu, ndiyo maana kazi yake ilishika. Sisi tunaoiga tunagawana soko lake. Nikichora ndogo zangu ninajitahidi ziwe vipande vya kile kile ninachokiangalia, mkono ulioshika nauli, mguu kwenye ngazi. Huuzwa taratibu kuliko twiga. Nimekubali hasara hiyo.

#8. Mchangiaji, Dodoma

Je, umejisajili popote? Na kampuni zikikuagiza kazi unalipwaje? Nauliza kwa sababu nimepata mtu anayetaka nimchoree ukuta wa mgahawa.

#9. Mwanzisha uzi

Nimejisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, na nina namba ya mlipakodi, kwa kuwa taasisi yoyote yenye mhasibu itakuuliza vitu hivyo kabla ya kukulipa. Kampuni inapokulipa kwa huduma hukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Dai hati yake na uitunze, maana hiyo ni kodi uliyokwisha kulipa.

Ukuta wa mgahawa usiuanze bila arubuni. Mimi huchukua nusu kabla sijanunua rangi, robo nikifika katikati, na robo iliyobaki siku ninapomaliza, kabla sijaondoa ngazi. Nasema kabla ya kuondoa ngazi kwa sababu ngazi ikiwa katikati ya mgahawa, mwenyewe hulipa haraka ili wateja wapate pa kukaa.

Kuna jambo jingine ambalo lilinigharimu. Mwaka 2021 kampuni moja ilinunua picha yangu kwa ajili ya ukumbi wake wa mapokezi, na mwisho wa mwaka nikaikuta kwenye kalenda zake, imekatwa upande mmoja ili nembo ya kampuni ikae. Niliponung'unika nikajibiwa kwamba wao wameinunua. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, anayenunua picha ananunua kitu cha kutundika. Haki ya kuichapisha hubaki kwa mchoraji katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na haihami mpaka iandikwe kwenye karatasi. Tulimalizana bila kufika mbali, wakanilipa kiasi fulani, ingawa kalenda 2 bado zimetundikwa kwa mama, ambaye ndiyo kwanza ameanza kuamini kwamba sikufukuzwa. Siku hizi kila risiti yangu ina mstari mmoja chini: "Hakimiliki inabaki kwa mchoraji." Hakuna aliyekataa kununua kwa sababu ya mstari huo.

#10. Mchangiaji, Arusha

Narudi tena, uniwie radhi. Mimi ni mhasibu na kuna kitu hakilingani katika vitabu vyako. Umesema akiba ilikuwa ya miezi 6. Umesema uliacha mwaka 2019, picha ya kwanza ikalipwa Februari 2020, kisha ukaja ugonjwa, kisha biashara ya picha ndogo ukaianza 2021. Rejesho la benki ni 385,000 kwa mwezi. Kuanzia mwezi wa 7 mpaka 2021 ni nani aliyekuwa akilipa?

#11. Mwanzisha uzi

Dada, umefanya kazi yako vizuri, na ningekuwa mkaguzi ningeuliza hilo hilo.

Alilipa mke wangu. Ni mwalimu wa sekondari ya serikali. Kwa miezi 14 mshahara wake ndio uliorejesha mkopo wangu na kulipa kodi ya nyumba, na bima ya afya tunayotumia mimi na watoto mpaka sasa ni yake. Nilipoandika kule juu kwamba sina kipato kingine isipokuwa picha, nilisema kweli kuhusu mfuko wangu, lakini niliwaacha wasomaji waamini kwamba mfuko huo ndio ulioilisha nyumba. Nimemsomea ndugu wa Mwanza habari za Mette, kumbe wa kwangu nilikuwa nimemficha. Namwomba radhi yeye kwanza, kisha jamvi.

Katika daftari nilikuwa nikiandika kila shilingi aliyotoa chini ya kichwa "Mkopo kutoka kwa Mama Neema", nikiwa na nia ya kuurejesha wote. Jioni moja mwaka 2020 alilikuta daftari mezani, akasoma kurasa zote bila kusema neno, kisha akachukua kalamu akakata neno "Mkopo" na juu yake akaandika "Mtaji". Nikamwambia kwamba ninapenda deni lake lijulikane. Akasema, "Mkopo ukishalipa umeisha, hunidai sikudai. Mimi nimetia mtaji, nataka gawio."

Gawio la kwanza alilipata Desemba 2022, baada ya kuuzwa picha 2 kubwa ndani ya mwezi mmoja, jambo ambalo halijajirudia. Alinunua simtanki la lita 1,000. Limekaa nje ya banda langu, na ndilo ninaloteka maji ya kuoshea brashi.